Riwaya Inasubiri Kamera: Shajara ya Mradi, Lindi

Februari 2024

Mkataba umesainiwa. Wanaonisimamisha sokoni kuniuliza "Mwalimu, filamu inatoka lini?" jibu lao ni hili: filamu bado, kilichopo ni karatasi.

Watu wa filamu wanauita mkataba wa opsheni. Kampuni ya Dar es Salaam haijainunua riwaya. Imenilipa kiasi kidogo ili kwa miezi 18 nisimuuzie mtu mwingine haki ya kuigeuza filamu. Ndani ya muda huo wao waandike skripti, watafute fedha, waigizaji na vibali. Siku ya kwanza ya kupiga picha ndipo bei kamili inalipwa, na hicho kidogo nilichokwisha kula kinakatwa humo. Wasipofika huko, haki inarudi nyumbani na sidaiwi senti. Nilimweleza mdogo wangu, akafikiri kidogo, akasema: "Yaani wamekulipa usiuze? Basi waje wanilipe na mimi nisiuze kiwanja."

Kabla ya kusaini nilimpa mwanasheria ausome, na gharama yake sijutii. Mkataba uliokuja ulikuwa unachukua filamu, redio, jukwaa, mwendelezo wa hadithi na "njia nyingine yoyote itakayobuniwa". Tumebakiza filamu. Mchezo wa redio na wa jukwaani ni mali yangu bado, na siku kikundi cha shule kikitaka kuigiza hakitaenda kuomba ruhusa Dar. La pili ni jina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki ya kutajwa kwa kazi yake, lakini haisemi herufi ziwe kubwa kiasi gani wala zikae wapi. Mkataba sasa unasema: mwanzoni, kabla ya hadithi kuanza, siyo mwishoni watu wakiwa wameshasimama kutafuta ndala zao.

Haraka sina. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa 1999, filamu ya Amil Shivji ikaonyeshwa tamasha la Toronto mwaka 2021. Na hicho ni kitabu ambacho wanafunzi wa kidato cha tano na sita wamekisoma nchi nzima. Changu kimesomwa na watu wa Lindi, na baadhi yao walikiazima.

Machi

Kwa ambaye hajasoma. Hadithi ni ya miaka ya 1950, kati ya Mkwaya na Nachingwea, nyuma ya ule Mradi wa Karanga. Serikali ya Uingereza iliuanza 1947 ikidhani itapata mafuta ya kula kwa kulima pori letu kwa matrekta. Mwaka 1951 ikanyoosha mikono, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea na karanga zenyewe za kuhesabu. Huku Kusini mradi ulituachia bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, na reli. Reli ikajikokota miaka kadhaa, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Leo ukimwambia kijana wa Mingoyo kwamba gari moshi lilikuwa linapita hapo, anakutazama kama unamtania.

Binti katika riwaya anauza mihogo ya kuchoma stesheni. Kaka yake ni kibarua wa reli. Mjomba wake amepanga kumwoza kwa karani, na usiku mmoja binti anadandia gari moshi bila tiketi.

Sasa tatizo. Kitabuni nimeandika: "Gari moshi likaingia Mkwaya limechelewa, kama kawaida yake." Basi. Nikapiga nukta nikaendelea na mambo ya mihogo. Wiki hii prodyuza kanipigia simu, sauti imemkauka: "Mama, shikamoo. Hii sentensi yako moja ina bei kuliko sini zote zilizobaki."

Ana haki ya kukaukiwa. Reli hakuna, stesheni hakuna, injini ya mvuke hakuna, na kuvitengeneza kwa kompyuta vionekane kweli kunagharimu kwa kila sekunde inayoonekana. Kikao kizima cha simu kilikuwa juu ya hilo. Kuna aliyetaka sini hizo zipigwe kwenye Reli ya Kati, halafu wasafiri warudi Lindi kwa siku mbili barabarani na vifaa. Kuna mmoja, sitamtaja maana ana familia, aliyeuliza kama tusingeomba ile treni ya umeme iliyokuwa ikifanyiwa majaribio kati ya Dar na Morogoro. Kwa hadithi ya mwaka 1953! Mwingine akasema tusubiri reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ijengwe, na hapo sote tulicheka, kwa kuwa ahadi hiyo tumeisikia tangu wengine wetu tuna meno yote.

Pendekezo lililobaki mezani ni lori. Binti adandie lori la mbao. Nimekataa, na siyo kwa ukaidi. Lori linasimama popote, unalipungia mkono, dereva anakuonea huruma. Gari moshi lina stesheni na lina saa yake, na likishaondoka limeondoka. Binti yule anafika stesheni filimbi imeshalia. Ukiweka lori, anamwambia utingo "nisubiri kidogo nikachukue kanga zangu," na riwaya imekwisha ukurasa wa 90.

Mei

Timu ya kutafuta lokesheni ilikuwa ifike wiki ya kwanza ya mwezi. Kikaja Kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga, mabasi na malori yakalala huko na abiria wake, na sisi tukawa kisiwa. Bei ya sukari sitaki kuikumbuka. Barabara haijakaa sawa, tarehe 12 kebo za intaneti za baharini nazo zikakatika, na rasimu ya kwanza ya skripti, iliyokuwa itumwe kwa barua pepe, ikabaki inazunguka palepale kwenye simu yangu. Nimeipata mwisho wa mwezi, imechapwa, imeletwa na kondakta wa basi ndani ya bahasha ya kaki.

Skripti ni kitu kikavu kukisoma. Ukurasa mmoja hukisiwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo riwaya ya kurasa 240 imebanwa kwenye kurasa 104, na humo nafasi nyingi ni nyeupe. "NJE. STESHENI. MCHANA. Binti anapanga mihogo." Anawaza nini, haimo. Harufu ya makaa, haimo. Mwanzoni nilikasirika, halafu nikaelewa kwamba yale ni maelekezo ya kazi kwa watu wengi: mshona nguo asome ajue avalishe nini, mtu wa taa ajue jua liko wapi. Mawazo ya binti ataleta mwigizaji mwenyewe usoni. Hilo nimelikubali.

Nisilolikubali ni mjomba. Hayupo! Nimetafuta ukurasa kwa ukurasa. Anayekaa barazani kupanga mahari na karani, kwenye skripti, ni baba mzazi, na amekuwa mtu wa kupiga fimbo.

Mwandishi wa skripti ni kijana mzuri, ana adabu, kazaliwa Kinondoni. Kanijibu: "Mama shikamoo. Mjomba tumemtoa kwa sababu mtazamaji wa Mwanza au Nairobi atauliza baba yuko wapi." Nikamwandikia: mwache aulize, ndiyo maana amekata tiketi.

Kisha nikakaa nikamweleza kwa kirefu, maana wa kulaumiwa siye yeye, hakulelewa huku. Wamwera, Wayao, Wamakonde na Wamakua wa Kusini ni watu wa ukoo wa mama. Miaka ile mtoto alikuwa wa wajomba zake. Mwanamume akioa, mara nyingi alihamia kwa wakwe, akalima shamba la huko, akazaa watoto ambao kauli ya mwisho juu yao ilikuwa ya shemeji yake. Baba wa binti yangu anampenda mwanawe na anajua ndoa ile ni mbaya, ila hana kiti katika kikao. Ukurasa ambao wasomaji wengi wameniambia uliwaliza ni ule anapotumwa nje kuchota maji ya kunawa wageni wakati mwanawe anapangiwa mume. Sasa ukimpa yeye fimbo, sini hiyo inakwenda wapi? Unabaki na baba mkali na binti mtoro, hadithi ambayo ingeweza kutokea popote, na kwa popote hawakuhitaji kunilipa opsheni.

Hajajibu. Prodyuza kasema anaifikiria.

Julai

Wamefika hatimaye. Mwongozaji, prodyuza, mpiga picha, mtu wa sauti na dereva asiyeisha maswali.

Tulianzia Mikindani, na nilijua yatatokea yaliyotokea. Mikindani ina sura. Nyumba za mawe, milango ya kuchonga, boma la Wajerumani lile juu ya kilima, na ghuba chini yake imetulia. Mpiga picha alikataa kuondoka. Mpaka saa nane alikuwa anatafuta njia ya kuhamishia hadithi yangu pwani. Nikamkumbusha kwamba watu wangu ni wa barani, wa vumbi jekundu na nyumba za udongo, na karani peke yake ndiye aliyewahi kulala nyumba ya mawe. Wamekubaliana dakika mbili za nyumbani kwa karani zipigwe Mikindani. Sawa, na yeye apate kitu.

Mkwaya ndiko kulikokuwa na kazi. Tulipelekwa na mzee mmoja ambaye utoto wake wote ulikuwa kando ya reli. Sikutaka kumhoji mbele ya watu, nikamwacha atembee, sisi nyuma. Katikati ya vichaka akasimama, akasema "mko juu yake." Tulikuwa tumesimama juu ya tuta la reli bila kujua: udongo ulioinuliwa kiasi cha kiuno, umenyooka bila kona kupita inavyonyooka njia yoyote ya miguu, na baiskeli zinapita juu yake hadi leo. Akatuonyesha kwa fimbo yake pale mataruma ya kubeba vyuma yalipokuwa yanalala, umbali wa hatua fupi fupi, na namna watoto walivyokuwa wakiruka taruma hadi taruma wakienda kuchota maji. Mwongozaji, ambaye hapo awali alikuwa anatazama saa, akavua viatu akajaribu mwendo ule. Mzee akamsahihisha: "Fupisha, mwanangu. Ulikuwa mtoto wakati huo."

Droni hatukurusha. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kilikuwa hakijatoka, na Nachingwea ina kambi za jeshi, chombo kama hicho huko huinui kwa kubahatisha.

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria Dar ni salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Mtu wa sauti alivaa vifaa vyake masikioni katikati ya tuta, akatuonyesha kidole tunyamaze, akakunja uso. Mashine ya kupulizia mikorosho, shamba la ng'ambo. Ilipozimwa hiyo ikaanza nyingine mbali zaidi. Msimu huu kuanzia asubuhi kabla ya upepo ndiyo ngoma yetu ya Kusini. Hata ungefuta sauti, majani ya mikorosho yamekaa vumbi la salfa, na 1953 nani alikuwa na mashine ya salfa? Kwa hiyo miezi ile ambayo wao walikuwa wameipangia kamera, Juni na Julai, kwa kuwa ni mikavu na jua lake zuri, haifai. Masika haifai kwa barabara. Inabaki Septemba hadi mvua za kwanza, na hapo ndipo wakulima wanaingia kuokota korosho, halafu minada, halafu kila gari la kukodi bei juu.

Prodyuza aliandika yote hayo kwenye daftari huku akimenya ming'oko, vile viazi pori vyetu. Alikuwa hajaionja maisha yake. Kabeba mfuko.

Septemba

Unyago.

Riwayani nimeupa kurasa mbili. Binti anaingia kumbini, wanakofundwa wasichana, ngoma inasikika kwa mbali, anatoka. Yaliyomo ndani sikuyaandika, na aliyepita huko anaelewa, na asiyepita hahitaji. Kalamu inaruhusu hivyo. Unaruka mstari, msomaji anaruka na wewe. Skripti haikuruka: "NDANI. KUMBI. USIKU." Kurasa nne, na nyimbo ambazo kijana wetu alizitunga mwenyewe.

Sikutaka kuwa mimi wa kukataa. Nikampeleka mwongozaji kwa kungwi mmoja, bibi wa miaka mingi, huko ndani ya Mtama. Tulisalimia, tukakaa mkekani, tukaeleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, akauliza: "Hiyo kamera itakaa upande gani? Wa wasichana au wetu?"

Mwongozaji akasema itazunguka.

"Kwa hiyo na wanaume watazunguka humo."

"Hapana bibi, mpiga picha wa siku hiyo tutamtafuta mwanamke."

"Nimesikia. Na watakaotazama?"

Mwongozaji alianza sentensi, hakuimaliza. Bibi hakumwonea. Akaita mjukuu alete chai, akatueleza lililo la watu wote: siku ya kutolewa wale wasichana, ngoma uwanjani, kanga mpya, watu wanatunza hela, mama analia na kucheka. Hiyo pigeni mpaka mchoke, kasema, na mkitaka wachezaji mimi nitawapa.

Ndivyo itakavyokuwa. Kamera inabaki nje na mama, anakoroga uji, ngoma inasikika. Nimependa pia kwa sababu ya hesabu: kurasa nne za ndani zimekuwa moja ya nje, na prodyuza amepumua. Maombi ya kibali yanakwenda Bodi ya Filamu na skripti yake, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na sini ile ya mwanzo ingetupa barua za kujibizana mwaka mzima.

Novemba

Rasimu ya tatu. Nimeisoma usiku mmoja, umeme ulikuwepo, ajabu.

Mjomba amerudi. Baba anatumwa maji ya kunawa. Kijana wa Kinondoni ameiongezea sini ile kitu ambacho mimi sikukiweka: baba anarudi na birika, anakuta wameshakula, anaumwagia maji mchicha. Hasemi neno.

Na gari moshi. Hili lazima niliandike nikiwa bado na wivu. Skripti haianzii tena stesheni. Inaanza miaka kumi baadaye, vibarua wanang'oa reli. Kaka wa binti, aliyekuwa akizitandika, sasa analipwa kuzing'oa. Anapiga nyundo, anachomoa misumari, na kila kipande cha reli kinachoinuliwa kinaleta kipande cha hadithi. Gari moshi lenyewe tunalipata kwa sauti, moshi juu ya miti, na mwanga unaopita juu ya nyuso za watu waliosimama usiku. Injini nzima haionekani hata mara moja. Bei imeanguka. Lakini hata wangekuwa na fedha za kununua injini tatu ningewaambia wasinunue. Mwaka ule wa kung'oa ninao kitabuni, umo katika mstari mmoja karibu na mwisho, nimeupita mbio nikienda kumalizia harusi. Kumbe hadithi ilikuwa imekaa pale. Nimempigia kijana simu kumwambia. Alinyamaza, akasema "Asante, Mama," halafu akaniuliza kama misumari ya reli ilikuwa na kichwa cha duara au cha mraba. Sijui. Nimemtafutia yule mzee.

Masuala madogo nimewarudishia kwenye karatasi: watu wa 1953 hawasemi "poa", karani hawezi kuwa na redio ya mkononi, mihogo ya kuchoma haipangwi kwenye hotpoti.

Januari 2025

Fedha zimepatikana nusu. Nusu nyingine inategemea mfuko wa nje ambao hujibu kwa awamu, na kila awamu ina fomu yake. Mimi nimeombwa barua inayothibitisha kwamba niko hai na riwaya ni yangu.

Kalenda sasa inabana yenyewe. Kwa sababu ya salfa na mvua, kamera haiwezi kuingia kabla ya Septemba. Opsheni inaisha Agosti. Wameomba nyongeza ya miezi 12. Mkataba unaruhusu kwa malipo mapya, na mdogo wangu tayari ananipa ushauri wa bei. Nimekubali kwa masharti mawili: malipo ya nyongeza yasikatwe kwenye bei kamili, na ukurasa wa baba na birika usiguswe bila maandishi yangu. La kwanza wamelikubali siku hiyohiyo. La pili limekwenda kwa mwanasheria wao, kwani mwongozaji hapendi kufungwa mikono kwenye chumba cha kuhariri, na kwa kweli ningekuwa yeye nisingependa. Tunatafuta maneno.

Riwaya ya pili imefika sura ya sita. Naiandika asubuhi, kabla ya simu kuanza. Humo kuna meli, na nimeshaonywa.

Kazi ya mwezi huu ni vyuma. Sini ya kung'oa inahitaji reli za kweli angalau chache za kuinuliwa mbele ya kamera, na reli za Kusini ziliuzwa na kuyeyushwa zamani. Ila mtu aliyefundisha shule za msingi za huku anajua vipande vyake viko wapi: vinaning'inia kwenye miembe, vinagongwa kwa nondo saa moja na nusu asubuhi. Nimekaa na prodyuza tukaorodhesha shule, tunaandika barua za kuazima kwa wiki mbili, kwa dhamana na kengele za kununua za kubadilishana. Barua ya kwanza nimeipeleka mwenyewe. Mwalimu mkuu kaisoma mara mbili, kaniambia anaunga mkono sanaa, ila kwanza alete suala kwenye kamati ya shule, maana kengele ile ikitoka hapo mwembeni wazazi watasema ameiuza chuma chakavu.